Nimepungua kilo 17 na wali wa nazi bado nakula

Naanza na namba, kwa sababu wenzangu wa ofisini hawakuamini mpaka nilipowafungulia daftari. Nilikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160. Leo nina 74. Imenichukua miezi 14. Ni karani wa mizigo hapa Tanga, karibu na bandari. Naingia kazini saa 2 asubuhi, natoka saa 12 jioni, na meli ikiwa gatini hakuna anayeuliza kama umekula. Nyumbani Makorora nina mume, watoto wawili na jiko la gesi la plate mbili. Gym sijawahi kukanyaga.

Kilichonichosha kuliko unene wenyewe ni ushauri. Acha wali. Acha ugali. Kunywa maji ya moto na limau uyeyushe mafuta. Limau haliyeyushi mafuta ya mwilini. Likichukua nafasi ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari litakusaidia, lakini kilichosaidia hapo ni ile sukari ambayo hukuinywa.

Kosa langu kubwa lilikuwa chai ya kupunguza tumbo. Nalieleza kirefu kwa sababu najua hata leo kuna mtu ametoka kuinunua. Niliuziwa mtaani, pakiti ya mwezi kwa kama elfu arobaini, majani makavu yamechanganywa na tangawizi. Kikombe kimoja kabla ya kulala. Usiku wa kwanza nilikunywa saa 4, saa 10 alfajiri tumbo likanikata, nikaenda msalani mara tatu kabla ya kuoga. Ikawa hivyo kila siku. Siku ya tisa mzani ukaonyesha kilo nne zimeondoka, nikampigia dada yangu wa Muheza kwa furaha, naye akaagiza pakiti yake. Siku ya kumi na moja nimesimama juani nahakiki namba za makontena, macho yakaingia giza na misuli ya miguu ikakaza kama kamba. Wenzangu wakanipeleka hospitali. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akachukua pakiti, akayasugua majani kiganjani, akanusa. "Mwanangu, hii ni sanamaki."

Sanamaki ni dawa ya choo. Bibi zetu wa pwani waliijua, na kwa mtu aliyekosa choo siku mbili tatu ina kazi yake. Ila kazi hiyo inaifanya kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, utumbo mwembamba umeshanyonya karibu wanga wote, mafuta na protini. Kwa hiyo unachokitoa ni kinyesi, maji na chumvichumvi, huku nguvu yote ya chakula imebaki mwilini. Pamoja na maji hutoka potasiamu, madini ambayo misuli haiwezi kufanya kazi bila hayo, na moyo nao ni msuli. Nilipoacha nikakaa siku kadhaa choo hakipatikani, na zile kilo nne zikarudi ndani ya wiki moja kwa kunywa maji na kula kama kawaida. Dada nilimwambia akaitupe pakiti yake siku hiyohiyo.

Wanaoacha wanga ghafla hupata furaha kama ile niliyoipata mimi. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja hukaa pamoja na kama gramu tatu za maji. Ukiacha wali na ugali, akiba inaisha, maji yanatoka, na mzani unashuka kilo mbili kabla mafuta hayajaguswa sawasawa. Wiki ya tatu unashindwa, unakula ugali, na maji yanarudi.

Yule muuguzi aliniuliza swali moja ambalo ndilo lililonipunguza: "Nyumbani kwako lita ya mafuta ya kupikia inakaa siku ngapi?" Sikuwa na jibu.

Nikanunua chupa ya lita moja ya alizeti, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu. Siku ya nne jioni ilikuwa tupu. Piga hesabu: lita moja ni kama vijiko 66 vikubwa vya mezani, na kila kijiko kina kalori zinazokaribia 120. Watu wanne kwa siku nne, kila mmoja anakula vijiko vinne kwa siku. Hizo ni kama kalori 480, sawa na ugali wa unga wa gramu 130, na hakuna anayeziona kwenye sahani. Mimi nilikuwa nahesabu tonge wakati mafuta yanapita.

Basi nikaacha kumimina kutoka kwenye chupa. Mafuta yanaingia sufuriani kwa kijiko, na mchuzi wa watu wanne unapata vijiko viwili. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu kitunguu kinaungua, nao wanaongeza mafuta. Usiongeze. Kitunguu kikianza kushika chini, weka vijiko viwili vya maji, koroga, acha yakauke, kikishika tena weka maji tena. Mara tatu nne hivi, kitunguu kinakuwa cha kahawia na kimelainika, ndipo unatia kitunguu saumu, bizari na nyanya. Sufuria nyembamba zinaunguza haraka, tafuta yenye kitako kizito. Bilinganya hunywa mafuta kama sifongo: ichome kwanza motoni, menya, kisha itie kwenye mchuzi. Mchicha uoshe, utie sufuriani na maji yaliyobaki kwenye majani, funika dakika tatu, halafu ndipo kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta. Samaki wa kukaanga tumebakiza mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni chukuchuku, vibua au changu kwa ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili, bila tone la mafuta. Sasa chupa inakaa siku 11. Ni kijiko kimoja na nusu kwa mtu, na mume wangu hajalalamika hata siku moja kwamba mchuzi ni mkavu.

Nazi ilitaka akili zaidi. Mtu wa Tanga ukimwambia aache nazi, umemwambia ahame. Zamani kilo moja ya mchele nilikuwa naitilia nazi mbili, tui zito na jepesi vyote kwa pamoja. Sasa natumia nazi moja kubwa, tena si yote. Mkamuo wa kwanza, kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ndio wenye mafuta mengi, nauweka pembeni. Nakamua mara ya pili na ya tatu, na wali unapikwa kwa tui hilo jepesi na chumvi. Maji yakishakauka na mvuke umeanza kutoboa vitundu juu ya wali, nanyunyizia robo kikombe ya lile tui zito, nafunika, napunguza moto hadi mwisho kwa dakika 10. Harufu yote inakaa juu, na ulimi unakutana na nazi kwanza. Nilipoupika hivyo mara ya kwanza sikumwambia mtu. Mama mkwe alikuwapo, akaomba aongezwe.

Tui zito linalobaki naligandisha kwenye friji kwa vipande kama vya barafu. Vipande viwili vinatosha sufuria ya mbaazi. Vitie mwishoni na ukoroge taratibu; tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa linakatika, na mafuta yanaelea juu.

Kwenye sahani nusu ni mboga, robo ni wali au ugali, robo ni samaki, maharage au dagaa. Wali ni kikombe kimoja cha chai kilichojaa, nakipima kwa kikombe kwa sababu jicho lenye njaa halipimi vizuri. Wiki mbili za kwanza njaa ilinisumbua mpaka nilipogundua kwamba robo ya samaki nilikuwa naibania. Kipande cha samaki kikiwa kidogo, saa 10 jioni unatafuta bajia. Protini na mboga vinakawia tumboni. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na fungu moja linapikwa mara mbili. Papa mkavu loweka na umwage maji angalau mara mbili, la sivyo chumvi yake inazuia maji mwilini na kesho yake mzani unapanda bila sababu.

Kwa sisi wa kazi, mapishi ni ya Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo ya maharage au choroko, asubuhi namwaga maji, nachemsha, nagawa kwenye makopo manne bila kuunga. Mawili yanakaa kwenye friji, yaliwe ndani ya siku tatu, mawili yanagandishwa. Kabichi na karoti za Lushoto nazichukua soko la Mgandini. Sizikati mapema, maana kabichi iliyokatwa Jumapili Jumatano imeshanyauka. Jioni ninaporudi ni kuunga tu, dakika 20. Umeme ukikatika usiku kucha, kilichopoteza ubaridi kitupe, hata kama hakijanuka.

Siku ambayo sikubeba hotpoti naenda kwa mama lishe, na hapo nimejifunza kuzungumza kabla sahani haijajazwa. "Dada, nipe nusu wali, maharage na mchicha uniongezee, mchuzi uweke pembeni." Bei ni ileile na siombi kupunguziwa. Mchuzi wa pembeni una sababu: mafuta hupanda juu ya sufuria, na upawa wa kwanza wa mchana ndio huyachota. Ukimwagiwa juu ya wali huwezi kuyatoa tena.

Asubuhi ya Tanga ni maandazi na mbaazi. Mbaazi sina ugomvi nazo, zina protini na nyuzinyuzi. Andazi ndilo lililokaangwa. Nimebakiza moja siku ya Jumamosi. Siku za kazi mbaazi nazila na muhogo wa kuchemsha, au boflo vipande viwili na yai la kuchemsha.

Sukari niliipunguza polepole na nashauri hivyohivyo. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na kila nilipopunguza niliongeza iliki au mchaichai. Ulimi haukushtuka. Soda ya mililita 350 peke yake ina kama vijiko tisa, na juisi ya miwa isikudanganye kwa kuwa ni ya asili. Machungwa ya Muheza yale kwa meno: glasi moja inakamua matatu au manne, nyuzinyuzi zinabaki kwenye kichujio na sukari inakwenda kwako.

Mazoezi yangu ni baiskeli. Tanga ni tambarare na baiskeli ni usafiri wetu wa siku zote. Dakika 15 kwenda kazini na 15 kurudi, siku tano, ni dakika 150, kile kiwango cha chini wanachokitaja wataalamu kwa wiki. Mwezi wa kwanza mzani haukuonyesha lolote kwa ajili ya baiskeli, kwa sababu nusu saa ya mwendo wa kawaida haiwezi kufuta sahani ya chipsi mayai. Nilichopata ni usingizi mzuri, na ngazi za ofisini sizihemi tena.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Kwa sisi wanawake, siku za kukaribia hedhi maji huongeza kilo moja au zaidi, usilie, subiri. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Changu kilikuwa sentimita 108, sasa ni 91, na natafuta chini ya 88.

Ramadhani ndiyo iliyonirudisha nyuma. Siku kumi za mwanzo niliongeza kilo mbili kwa tambi za sukari, kaimati na muhogo wa tui zito, vyote ndani ya nusu saa. Nikabadilisha mpango: tende tatu, maji, bakuli la uji, nasali Magharibi, kisha narudi kwenye chakula. Katika hizo dakika chache tumbo linapata nafasi ya kutoa taarifa. Vya kukaanga nikabakiza kimoja kwa siku. Mwezi uliisha nikiwa nilipoanzia, na hilo nalihesabu kuwa ni ushindi.

Mama yangu anatumia dawa za kisukari, na aliponiona akataka kupunguza chakula kama mimi. Nilimzuia mpaka aonane na daktari wake. Mtu wa sindano au vidonge vya sukari akipunguza wanga bila dozi kuangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla, naye akaanguka.

Bado usiku wa meli unanipa shida. Saa 8 usiku mwili unadai kitu kitamu na kibandani kuna chipsi peke yake. Kwa hiyo kwenye mkoba hakukosekani mayai mawili ya kuchemsha, karanga kiganja kimoja kilichopimwa nyumbani, chungwa na chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari. Karanga nazifunga kwenye karatasi moja moja. Nikibeba mfuko mzima, unaisha kabla meli haijamaliza kushusha.