Infildi flai: ampaya wa Atlanta hakukosea mahali, alichelewa

Ubishi wa besiboli ukishafika kwenye infildi flai, yaani sheria inayomruhusu ampaya (mwamuzi) kumtoa mpigaji kabla mpira rahisi wa juu haujadakwa, watu wanagawanyika pande mbili, kuna wanaosema sheria yenyewe haina maana ifutwe tu, na kuna wanaosema ibaki ila ampaya anyang'anywe maamuzi, uchorwe mstari uwanjani au waweke riplei (kurudia picha za video) yaishe. Mimi siko upande wowote hapo. Hii sheria naipenda, tena sana, na naona sehemu yake nzuri kuliko zote ni hiyo hiyo inayochukiwa, yaani ampaya anaachiwa auangalie mpira ulioko hewani kisha aamue kwa macho yake kwamba huu ni wa kudakwa bila shida. Ninachodai kwake ni kimoja tu, aseme mapema, na hicho ndicho kilichokosekana Atlanta mwaka 2012, nitafika huko.

Ngoja kwanza tuelewane sheria inasema nini maana wengi wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakisoma. Kuna wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zimejaa, na auti hazijafika mbili (auti ni mchezaji kutolewa, zikifika tatu zamu ya timu kupiga imeisha). Mpigaji anapiga mpira unapanda juu, uko ndani ya mistari, na mdakaji wa infildi, yaani wale wa mbele karibu na besi, anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Hapo ampaya ananyoosha kidole juu, anatangaza infildi flai, na mpigaji ni auti palepale, mpira udakwe usidakwe. Mpira wa kunyooka uliopigwa kama risasi haumo, na banti (mpira unaoguswa taratibu tu kwa fimbo) haimo. Mpira ukiwa karibu na mstari ampaya anasema infildi flai ikiwa ni fea (ndani ya mistari), ukitoka nje inahesabiwa faulo kama faulo nyingine yoyote. Na kitu ambacho hata makocha wanakisahau, mpira unabaki hai! Wakimbiaji wanaruhusiwa kukimbia, ila wakikimbia ni kwa hatari yao wenyewe.

Sasa kwanini yote haya? Jiweke kwenye viatu vya mkimbiaji aliyeko besi ya pili. Mpira umepanda juu ya shotistopu, mdakaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Ukikimbia, jamaa anaudaka afu anarusha besi ya pili kabla hujarudi, umekwisha, maana mpira ukidakwa lazima urudi kwenye besi yako. Ukibaki, jamaa anauacha udondoke makusudi, anauokota, na kwa kuwa mpigaji anakimbilia besi ya kwanza wote mnalazimika kusogea, basi anarusha ya tatu, ya tatu wanarusha ya pili, auti mbili kwa mpira ambao mtoto angeudaka. Hakuna uamuzi sahihi kwa mkimbiaji hapo, ukienda umeliwa ukibaki umeliwa, na huo haukuwa ujanja wa kufikirika, wachezaji walikuwa wanaufanya kweli karne ya 19 mpaka ligi ikachoka. Sheria ikaingia mwaka 1895, mwanzoni ilihusu hali ya auti moja tu, mwaka 1901 ikapanuliwa hata kama hakuna auti.

Ndo maana nikisikia mtu anauliza mbona akiwepo mkimbiaji besi ya kwanza peke yake hakuna infildi flai, namwambia fikiria mpigaji. Kama mpigaji anakimbia anavyotakiwa, atakuwa ameshafika au yuko karibu kufika besi ya kwanza wakati mpira unadondoka, kwahiyo dabo plei (auti mbili kwa mpigo) ya hila haipatikani, labda mpigaji awe amesimama analalamikia fimbo yake. Na auti zikiwa mbili wakimbiaji wanaondoka mara tu mpira unapopigwa, hakuna wa kumtega. Kila kipande cha hii sheria kina sababu yake na sababu zote zinaelekea sehemu moja, kumlinda mkimbiaji asitegwe. Hata jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1975 lilichapisha makala nzima kuhusu asili ya infildi flai, na sishangai kabisa, hii ni sheria iliyotungwa na watu waliokaa wakafikiri.

Tuje kwenye juhudi za kawaida, maana hapo ndo kila kitu kimelala. Kitabu cha sheria kinaeleza kuwa ni juhudi ambazo mchezaji wa uwezo wa wastani katika nafasi hiyo, katika ligi hiyo, anatarajiwa kuonyesha, ukizingatia hali ya uwanja na hali ya hewa. Soma tena taratibu. Wa wastani, wa ligi hiyo. Maana yake mpira ule ule, urefu ule ule, unaweza kuwa infildi flai kwenye ligi kuu na usiwe infildi flai kwa watoto wa miaka 10. Kukiwa na upepo unaoupeleka mpira huku na huko ampaya ana haki ya kunyamaza. Jua likiwa limempiga mdakaji machoni ni hesabu nyingine tena. Niambieni mstari gani wa chokaa unaweza kubeba hayo yote?

Na kitabu chenyewe kimesema waziwazi kwamba ampaya asitumie mpaka wa kubuni kama vile nyasi au mistari ya besi. Jina linawachanganya watu, wanasikia infildi wanadhani ni eneo la ardhi, kumbe kinachoulizwa ni kama mtu wa infildi angeweza kuufikia na kuudaka kirahisi. Shotistopu akirudi nyuma hatua kadhaa mpaka kwenye nyasi za nje, akageuka, akasimama, akaungoja, huo ni wake. Hata kama mwishoni aliyeudaka ni mtu wa autifildi, yaani wale wa nyuma kabisa, bado ni infildi flai ikiwa ampaya ameona wa infildi angeudaka kwa urahisi ule ule. Pitcha (anayemrushia mpigaji) na kecha (aliye nyuma ya mpigaji) nao wanahesabiwa humo humo.

Basi sasa Atlanta. Tarehe 5 Oktoba 2012, Turner Field, Braves wa Atlanta dhidi ya Cardinals, timu za ligi kuu ya Marekani, mchezo mmoja wa waildi kadi (wa kugombea kuendelea kwenye mtoano), anayefungwa anaenda nyumbani, na ulikuwa mwaka wa kwanza wa utaratibu huo. Kipindi cha 8, Cardinals wanaongoza 6-3, Braves wana wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, auti moja. Andrelton Simmons anapiga mpira wa juu kwenda upande wa kushoto, sio mbali sana lakini sio karibu. Pete Kozma, shotistopu wa Cardinals, anarudi nyuma, anarudi, anainua mkono kama mtu aliyeupata, kisha ghafla anasogea pembeni akidhani mwenzake Matt Holliday anauchukua kutoka lefti fildi (autifildi ya kushoto). Holliday hauchukui. Mpira unadondoka katikati yao. Uwanja mzima unalipuka kwa shangwe maana wanaona besi zimejaa na auti ni moja. Kumbe ampaya wa lefti fildi, Sam Holbrook, ameshanyoosha mkono, infildi flai, Simmons ni auti.

Watu wakarusha chupa na takataka uwanjani, mchezo ukasimama kama dakika 19. Kocha Fredi González akasema anaendelea kucheza chini ya malalamiko rasmi, Joe Torre aliyekuwepo kwa niaba ya ligi akayakataa pale pale. Wakimbiaji walikuwa wameshasogea kwahiyo ikabaki wakimbiaji besi ya pili na ya tatu na auti mbili. Brian McCann akapewa besi ya bure, besi zikajaa, Michael Bourn akapigwa straiki tatu, auti ya tatu. Ikaisha 6-3, na Chipper Jones, nyota wa Braves, akamaliza maisha yake ya uchezaji usiku ule, kitu ambacho kwa mashabiki wa Braves kimeufanya uchungu uwe mara mbili.

Wanaosema Holbrook alikosea wengi wanaanza na umbali, oo ule mpira ulikuwa autifildi kabisa, huwezi kuita infildi. Hoja hiyo haina miguu, nimeshaeleza juu, umbali sio kipimo. Kozma alifika, tena alifika bila kuhangaika, angeudaka kama asingechanganyikiwa, na kuchanganyikiwa hakubadilishi ugumu wa mpira. Kwenye swali la juhudi za kawaida mimi namtetea Holbrook na nitaendelea kumtetea.

Wengine wanakuja na hoja nzito zaidi, na hii naiheshimu. Wanasema sheria iko pale kuzuia dabo plei ya hila, sasa kutoka kule nyuma hakuna binadamu angeuacha mpira udondoke kwa makusudi afu apate auti mbili, kwahiyo ampaya alilinda kitu ambacho hakikuwa hatarini. Ni kweli kiasi fulani. Lakini ukimpa ampaya kazi ya kukisia pia kama dabo plei ingewezekana, umemwongezea maswali mengine, kasi ya mkimbiaji, mkono wa mdakaji, mpira utadunda vipi, na yote ayajibu wakati mpira uko hewani. Kitabu kimemuuliza swali moja ili aweze kulijibu kwa wakati. Naona hapo waandishi wa sheria walikuwa na hekima kutuzidi.

Lakini neno lenyewe ndo hilo, kwa wakati! Hapa ndo namwacha Holbrook mkono. Kitabu kinataka tangazo litolewe mara moja, kwa faida ya wakimbiaji. Angalia picha za tukio lile, mkono wake unapanda wakati mpira umeshakaribia ardhi. Mkimbiaji aliyeko katikati ya besi anafanya nini na taarifa inayomfikia muda huo? Hana cha kufanya nayo. Tangazo linakuwa halimlindi mtu, limebaki la kumtoa mpigaji tu, na kwa waliokaa jukwaani linaonekana kama limetungwa baada ya kosa kutokea. Ile hasira yote, chupa zote zile (na kurusha chupa ni upumbavu, sitetei hilo hata kidogo), kwa maoni yangu ilizaliwa na zile sekunde. Mkono ungepanda Kozma aliposimama na kuinua wa kwake, watu wangezomea kisha wangekaa.

Najua jibu la maampaya. Wanafundishwa wasubiri mpaka mpira ufike kilele na mdakaji atulie chini yake, maana kabla ya hapo huwezi kujua kama ni juhudi za kawaida au jamaa anakimbia kujiokoa. Na mpira wa mbali kama ule mdakaji anachelewa kutulia, kwahiyo na tangazo linachelewa. Nakubali ni ngumu. Isitoshe msimu wa kawaida kuna maampaya wanne, wale wawili wa pembeni wanaongezwa kwenye mechi za mtoano, kwahiyo Holbrook alikuwa kwenye nafasi ambayo ampaya wa ligi kuu hasimami kila siku. Ila ikiwa mdakaji anachelewa kiasi kwamba tangazo halimfai tena mkimbiaji, basi mimi nadhani hilo lenyewe ni dalili kuwa juhudi zimeanza kutoka kwenye ukawaida, na kwenye mashaka ya namna hiyo ampaya anyamaze. Hukumu ibaki yake. Muda ukimpita, auache mpira uamue.

Riplei sitaki kabisa. Riplei ilipopanuliwa mwaka 2014 infildi flai iliachwa nje na ilikuwa sahihi, utarudisha vipi nyuma tangazo ambalo wakimbiaji wameshalifuata? Ukisema baada ya dakika mbili kuwa haikuwa infildi flai, yule aliyebaki kwenye besi kwa kuwa aliambiwa mpigaji ameshatoka utamfanya nini, utamwambia arudi nyuma ya muda akimbie? Ndo maana uamuzi wa ampaya unaohusu hukumu yake umeandikwa kuwa ni wa mwisho, na tangu mwaka 2020 hata yale malalamiko rasmi aliyoyapeleka González hayapo tena kwenye ligi kuu.

Lakini kuna tukio moja ambalo mimi mtetezi wa hukumu ya ampaya limenikera zaidi ya lile la Atlanta. Tarehe 23 Mei 2024, Chicago, White Sox wako nyuma 8-6 dhidi ya Orioles, kipindi cha 9, auti moja, wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili. Andrew Benintendi anapiga mpira wa juu, infildi flai inatangazwa, safari hii vizuri kabisa. Mkimbiaji Andrew Vaughn anarudi kwenye besi yake ya pili, anapita kwenye njia ya shotistopu Gunnar Henderson, na Henderson anaudaka mpira bila tatizo. Ampaya anaita Vaughn amemzuia mdakaji. Auti ya Benintendi na auti ya Vaughn, mechi imekwisha hapo hapo.

Maandishi yanamruhusu, kumzuia mdakaji hakuhitaji uwe umekusudia. Lakini angalia kilichotokea, sheria iliyoandikwa ili mkimbiaji asitolewe kwa dabo plei kwenye mpira rahisi wa juu, imetumika sambamba na nyingine mpaka mkimbiaji katolewa kwa dabo plei kwenye mpira rahisi wa juu! Na mpigaji alikuwa auti tayari, na mpira ulidakwa, sasa Orioles walipoteza nini cha kufidiwa? Baadaye ligi yenyewe iliwaambia White Sox kwamba ampaya alikuwa na nafasi ya kutumia busara pale.

Hapo tu ndo ningekubali kitabu kiongezwe sentensi, tena moja: infildi flai ikishatangazwa na mpira ukadakwa, mkimbiaji anayerudi kwenye besi yake asiitwe auti kwa kumzuia mdakaji isipokuwa ampaya ameona amefanya makusudi. Mpira ukidondoka kwa sababu yake, aitwe, sina ubishi. Kuamua kama amekusudia ni hukumu tena, najua, na hiyo nawaachia maampaya kwa moyo mmoja.