Mimi ni Kombe, na Chopi, na mbeba meza

Watu wakiniuliza nilisomea wapi uigizaji nawaambia kwenye kumbi za kulia za shule za sekondari, wanadhani natania.

Nikimaliza fomu 4 nilijua njia ni moja tu, ile ya Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wa Oscar, miaka 14 anacheza Juliet na kikundi cha Phoenix Players hapa hapa Nairobi halafu baadaye huyoo Yale, chuo cha Marekani. Mimi Yale sikuwa nayo, nilikuwa na nauli ya kufika Harry Thuku Road, pale Kenya National Theatre, ukumbi wa tangu 1952, nakaa nje nasubiri odisheni na wenzangu wenye njaa kama mimi. Hapo ndo nikasikia kuna grupu inatafuta watu wa setibuku.

Kama hukusoma Kenya, ni hivi: tamthilia inayotahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, magrupu yanazunguka nayo shule hadi shule, mnapakiwa kwa matatu na mapazia na nguo zote. 2019 ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea. Nikapewa Kombe, yule mchongaji anayekaa na Sudi na Boza pale mwanzo, maneno machache, nikafurahi, kumbe pia mimi ndo Chopi, na pia mimi ndo nabeba meza, na kubadilisha nguo ni nyuma ya shuka lililoshikwa na dereva.

Maiki hakuna. Watoto 600 hivi, juu mabati, mvua ikianza umekwisha. Wiki ya kwanza nilitumia koo, siku ya tatu sauti ikapotea kabisa. Mzee wetu aliyekuwa anacheza Majoka, yule mtawala, akanilaza chali juu ya meza inayonuka githeri, akaniwekea kitabu tumboni, akasema kiinue kwa pumzi, kisipoinuka ujue unapumulia kifua. Dakika 20. Sijawahi kupata somo lingine la sauti na hilo bado nalitumia.

Halafu hadhira yenyewe sasa! Mjini ukiruka laini nani atajua, lakini hawa wamekariri mpaka koma. Shule moja Murang'a nikaruka sentensi, msichana wa mbele, kitabu mapajani, akasema "Umeruka!" Ukumbi wote ukaanguka kicheko, na Sudi wangu naye akacheka, mjinga yule. Nikarudi nikaisema. Hayo makofi sijayapata tena popote.

Pesa ilikuwa kwa shoo, shoo 3 kwa siku, na M-Pesa inaingia "kesho", kuna kesho moja ilichukua wiki 3, tuyaache.

Saa hii niko kwenye mchezo wa tiketi, mataa, maiki ndogo imebandikwa shavuni. Wiki hii tu dairekta amenisimamisha mara 4: punguza sauti bana, hatuko shuleni.