Sitoi lokesheni, lakini nitakuonyesha ninavyotafuta

Watu wakiona picha za hema letu kwenye milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa Colorado, kwanza wanauliza tumelipa kiasi gani. Hatukulipa. Kisha wanaomba lokesheni, na hapo ndipo ninapokuwa mchoyo. Mahali pakishawekwa alama kwenye programu za simu, ukifika Ijumaa jioni unakuta magari yamejaa, na karatasi za chooni zimetapakaa vichakani. Ukijua kutafuta mwenyewe, hiyo pini huihitaji.

Magharibi mwa Marekani sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma. Misitu ya taifa iko chini ya Idara ya Misitu, iliyoanzishwa 1905, na maeneo mengine mengi yako chini ya BLM, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, iliyoundwa 1946. Kote huko, isipokuwa palipokatazwa, unaruhusiwa kupiga kambi nje ya kambi rasmi. Hakuna ada wala kuweka nafasi, na vilevile hakuna bomba, choo wala pipa la taka. Kikomo cha kawaida ni siku 14, kisha unahama. Hifadhi za taifa zina masharti yao mengine kabisa, usizichanganye na haya.

Kazi yangu huanzia mezani, na ramani inayoitwa MVUM. Idara ya Misitu huitoa bure, na kwa sura ni mbaya kweli: nyeusi na nyeupe, haina hata kivuli cha mlima. Lakini ndiyo inayosema barabara zipi zimefunguliwa kwa magari. Barabara isiyokuwemo humo imefungwa kwa gari lako, hata kama unaona alama za matairi na hakuna kibao. Mimi natafuta mistari yenye vidoti pembeni. Vidoti hivyo maana yake unaweza kutoka barabarani na gari ili upige kambi, na umbali unaoruhusiwa umeandikwa kwenye ramani yenyewe.

Nikishapata barabara, nafungua picha za setilaiti na kufuata vichipukizi vyake: kijia kifupi kinachoingia mitini na kuishia kwenye kiwanja cha udongo mtupu. Hapo watu wamewahi kulala, nami napendelea palipokwisha kukanyagwa kuliko kuua majani mapya.

San Juan ina mtego mmoja. Sheria ya madini ya 1872 iliwawezesha wachimbaji kumilikishwa viwanja walivyochimba, na vingi bado ni mali ya watu binafsi. Kiwanja kimoja cha mwamba wa madini kinaweza kufika futi 1,500 kwa 600, na vimelaliana ovyo katikati ya ardhi ya umma, mara nyingi bila uzio. Kwa hiyo nawasha pia ramani ya umiliki wa ardhi, na naishusha kwenye simu nikiwa bado nyumbani. Huko juu mtandao haushiki.

Njia inayojulikana zaidi ni Alpine Loop, takriban maili 65 za mawe na makorongo zinazounganisha Lake City, Silverton na Ouray. Engineer Pass iko futi 12,800 hivi, na gari lisilo na fowili na gia nzito lisijaribu. Mandhari ya huko sina la kuongeza, lakini silali juu ya mahali miti inapoishia. Julai na Agosti radi za mchana hazina mzaha, mimea ya kule ikivunjwa huchukua miaka mingi kurudi, na kichwa huniuma usiku kucha. Nateremka hadi kwenye misprusi, miti ya jamii ya misonobari.

Nikikaribia kijia nilichokichagua, nasimamisha gari na kuingia kwa miguu. Mwenzangu hubaki kwenye usukani, maana kurudi kinyumenyume kwenye kijia chembamba si jambo la kulitafuta jioni. Naangalia kama kuna pa kugeuzia. Kisha natazama juu. Mbawakawa wameua misprusi mingi sana katika milima hii, na mti uliokufa huweza kusimama miaka mingi hadi upepo uuangushe: wa kijivu, hauna sindano, gome linabanduka ukiligusa, matundu ya vigogota kila mahali. Nikiuona mmoja ulioinamia kiwanja, tunaondoka hata kama mto unaimba pembeni. Nikiridhika, najilaza chini chali, pale pale kwenye udongo, kabla hema halijatoka kwenye mfuko. Macho hudanganya kuhusu mteremko. Damu ikianza kukimbilia kichwani najua. Mwenzangu hunicheka kila mara.

Mengine ni ya kawaida. Hema futi 200 kutoka kwenye maji. Choo ni shimo la inchi 6 hadi 8, karatasi narudi nayo. Chakula kinafungiwa mbali na dubu. Moto kwanza uulizie, kwa sababu kiangazi kikavu mara nyingi hupigwa marufuku nje ya kambi rasmi. Ukiruhusiwa, umwagie maji na kukoroga mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Naanza kutafuta saa nane mchana, siyo jua linapozama, na huwa na barabara mbili za akiba. Kuna mabonde, kama yale yanayozunguka mji wa Crested Butte, humo humo Colorado, ambako sasa unalala tu kwenye vituo vilivyowekewa nguzo zenye namba, vikijaa, unageuza.

Kabla ya kupanda napita ofisi ya misitu ya eneo hilo. Ukiuliza mahali pazuri pa kulala, utaelekezwa wanakoelekezwa wote. Mimi nauliza barabara ipi haipitiki wiki hii, kwa theluji, maporomoko au mto uliofurika. Wakinitajia namba, naikata kwenye ramani kwa kalamu nyekundu hapo hapo kaunta.