Mlango Alioingia Babu

Nilipanda treni ya reli ya kisasa, SGR, Voi, nikashuka Syokimau, nikadandia treni ndogo hadi stesheni ya mjini Nairobi. Nyumbani walidhani nakwenda kupanda lile jengo refu la mikutano, KICC. Kumbe mimi nina jengo moja tu moyoni.

Nilipitia Moi Avenue, penye Nyaraka za Taifa. Jengo lile ni la 1906 na lilianza kama benki. Leo limehifadhi kumbukumbu za nchi. Sikukaa. Nikakata Kenyatta Avenue, nikapanda nayo hadi Kipande House.

Ni nyumba ya mawe ya 1913, maghorofa ya jirani yameimeza. Hapa ndipo Waafrika walipoandikishwa na kupewa kipande, hati ya kazi ya enzi za ukoloni: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara. Mwanamume wa miaka 16 kwenda juu alikivaa shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, unasakwa kama mtoro. Babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu. Utotoni mwetu alikuwa akitushika vidole na kutugusisha pale kifuani, mahali kikebe kilipokuwa kikimgonga akitembea.

Siku hizi ni tawi la benki. Nilimweleza askari wa mlangoni kilichonileta. Akanitazama kidogo, akasema, "Ingia tu, mzee, ila usipige picha."

Nikaingia. Kwenye dirisha, kijana alitoa kitambulisho mfukoni, akakipitisha chini ya kioo, akarudishiwa. Hakuna aliyemuuliza ametoka kwa bwana gani. Na kitambulisho hicho wengi wetu bado tunakiita kipande! Koo lilinikaba, nikatoka.

Hatua chache mbele, karibu na Uhuru Highway, ni Nairobi Gallery, nayo ya 1913, zamani ofisi ya mkuu wa mkoa. Waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo. Kuzaliwa kwa Babu hakukuandikwa popote. Umri wake ulikadiriwa tu alipopewa kipande. Nje kuna alama ambapo umbali wa barabara za Kenya huanza kuhesabiwa. Nilisimama hapo nikampigia mama.

"Umeuona mlango?" akauliza.

"Nimeuona, mama. Nimeingia, na nimetoka."

Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekula.