Ndoo ya klorini wodini

Wodi ikinuka jiki, watu huona imesafishwa. Harufu si kipimo. Maji ya klorini yaliyokwisha nguvu yanaweza kunuka vizuri tu huku bakteria wakibaki kwenye reling ya kitanda, wakimsubiri mgonjwa anayefuata.

Kwa damu na sehemu zilizochafuliwa tunatumia klorini ya asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kopo moja kwa makopo sita ya maji. Wengi wamekariri "moja kwa sita" na hawasomi tena lebo. Chupa ya asilimia 5 inataka makopo tisa. Kanuni ni hii: gawa asilimia ya chupa kwa 0.5, kisha toa moja. Klorini ya chengachenga pima kwa mizani: gramu 7.7 kwa lita ikiwa ni ya asilimia 65, gramu 7.1 ikiwa ni ya 70. Kijiko cha chai kinadanganya, hasa kopo likiwa limeachwa wazi na chenga zikanyonya unyevu. Tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iweke mbali na jua, andika saa ya kuchanganya. Baada ya saa 24 mwaga, au mapema zaidi ikichafuka.

Huku kwetu maji nayo ni shida. Klorini haichagui: matope na mwani wa ziwani huila kabla haijafika kwa vijidudu. Zahanati ya kisiwani inayochota Ziwa Victoria itulize maji kwanza kwa shabu, iyachuje kwa kitambaa kizito, ndipo ichanganye. Maji ya mvua kutoka kwenye simtanki safi ni bora zaidi.

Damu nayo huila klorini vilevile. Kwa hiyo kumwaga jiki juu ya damu na kuondoka ni kupoteza jiki. Vaa glavu, funika damu kwa kitambaa au karatasi inayonyonya, izoe uitupe kwenye taka hatarishi, osha sakafu kwa sabuni na maji, suuza, kisha paka klorini na uache pabaki na unyevu dakika 10. Pakikauka kabla ya hapo, rudia. Sabuni ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa, ingawa haipati sifa.

Ndoo ziwe tatu: ya sabuni, ya kusuuzia, ya klorini. Kitambaa kilichotumika kisirudi kwenye ndoo ya klorini. Kila kitanda na kitambaa chake. Anza juu ushuke chini, anza pasafi umalizie pachafu, choo kiwe cha mwisho. Dekio linalolala kwenye maji machafu usiku kucha hupaka bakteria asubuhi. Lifuliwe, lianikwe likauke kabisa.

Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumlaza mhudumu mwenyewe.

Kuloweka mikasi na koleo kwenye klorini kabla ya kuosha ni mazoea ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena. Klorini hula chuma, na kutu hutoa maficho ya uchafu. Vifaa vikitoka kwa mgonjwa vifunikwe kwa taulo lililoloweshwa maji ili damu isikauke, vioshwe kwa sabuni na brashi chini ya maji, viungo vikiwa vimefunguliwa, kisha viende kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto wenye shinikizo.