Jinsi Nilivyomwezesha Mama Kuisikia Kanuni Ngome Kongwe

Mama yangu ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na sasa ana umri wa miaka 72. Ujana wake aliula katika enzi za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na hadi leo ukimtajia mwimbaji Shakila ataacha alichokishika mkononi ili akueleze alivyomwona kwa macho yake. Lakini taarabu ya Tanga ya wakati ule ilikwishaingiza magitaa na besi ya umeme. Ile ya Unguja, yenye safu ya fidla, udi, nai na kanuni, mama aliisikia redioni tu, na kanuni, yaani kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani na kukwaruzwa, ndiyo iliyomkaa moyoni. Mara nyingi ameniambia kwamba alipokuwa mtoto alidhani ni sauti ya maji yanayodondoka juu ya sinia ya shaba, na kwamba kabla hajaiaga dunia angependa akione chombo hicho kikipigwa mbele yake.

Nilichelewa kumtimizia. Miaka mitano iliyopita aliugua, na sikio lake la kulia halikurudi kama lilivyokuwa. La kushoto ni zima, ila kwa umri wake sauti nyembamba ndizo zinazomkimbia kwanza: simu ikilia kando yake haisikii, ilhali lori likija barabarani hulitambua kabla yangu. Nilipowaeleza ndugu na majirani kwamba nampeleka Unguja mwezi wa Februari, kwenye tamasha la Sauti za Busara, kila mmoja alikuwa na la kusema. Wapo walioona kwamba kumpeleka mzee mwenye sikio bovu kwenye muziki ni kumtesa bure. Wengine, na hao ndio walio wengi, walinihakikishia kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kumweka mbele kabisa, chini ya jukwaa, kwa kuwa asiyesikia vizuri husogezwa karibu. Ushauri huo niliufuata kwa moyo mweupe, na ndio ulioniharibia usiku wa kwanza.

Ya safari hayana mengi. Tulipanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, kaskazi ilikuwa imetulia, na baada ya saa mbili hivi tulikuwa bandarini Malindi. Chumba nilikitafuta Mji Mkongwe penyewe, ghorofa ya chini, kwa sababu ngazi za nyumba za zamani za pale ni za mwinuko mkali na magoti ya mama hayaziwezi. Hilo nalihimiza kwa yeyote anayesafiri na mzee, hata kama chumba cha chini kitakuwa kidogo na chenye joto.

Ijumaa jioni tuliingia mapema Ngome Kongwe, palipokuwa na tamasha, mama akiwa amevaa doti mpya ya khanga niliyomnunulia kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa nimebeba kiti kidogo cha kukunja, lakini mlinzi wa mlangoni alikizuia na hakutaka maelezo, hivyo mama akawa hana budi kusimama. Nilimwongoza hadi kwenye kizuizi cha chuma mbele ya jukwaa, upande wa kushoto, mahali palipokuwa na nafasi ya kuegemea. Mbele yetu, kwenye sakafu, yalisimama masabufa, yaani spika za besi, mawili makubwa mithili ya makabati ya nguo. Niliyaona, na nikafurahi, nikiamini kwamba kadiri spika inavyokuwa kubwa na karibu ndivyo mama atakavyosikia vizuri zaidi.

Kundi la taarabu asilia lilipoanza, kitu cha kwanza nilichokiona ni pindo la khanga ya mama likitikisika ingawa hapakuwa na upepo. Kila besi ilipopigwa, mtikisiko ulitupanda miguuni hadi kifuani, na ngoma ya dumbaki ilitufikia kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Waimbaji niliwasikia kwa mbali, kana kwamba wako chumba cha pili. Mpiga kanuni alikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipo, tena taa ilimmulika vizuri. Vidole vyake vilikuwa vikikimbia juu ya nyuzi, na mama alikuwa amemkazia macho bila kupepesa. Kisha akanivuta mkono, akaniinamia na kuniuliza, "Mwanangu, mbona yule anapapasa tu?"

Swali lile lilinichoma. Nilimsogeza zaidi pembeni nikidhani tutaikwepa besi, kumbe kwa kukaa kushoto kabisa nilikuwa nimeligeuzia jukwaa sikio lake lile bovu, na lile zima likawa linatazama ukuta. Mama alishika kifua, akasema kichwa kinamuuma, na tukatoka kabla wimbo wa tatu haujaisha. Tulivuka barabara hadi Forodhani, tukakaa ukingoni mwa bahari, nikamnunulia juisi ya miwa ambayo hakuimaliza. Yeye ndiye aliyenifariji. "Nimekiona, mwanangu. Inatosha." Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nilijua haitoshi, kwa sababu hakuja kukiona, alikuja kukisikia.

Asubuhi nilimpigia simu jirani yangu mmoja wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kukodisha mitambo ya muziki kwenye harusi. Nilipomweleza mahali tulipokuwa tumesimama, alinikemea kabla sijamaliza. Kwa maelezo yake, spika kuu hutundikwa juu na kuelekezwa kwa watu walio katikati na nyuma, na sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka kama mwanga wa tochi, hivyo aliye chini ya jukwaa hupitwa juu ya kichwa. Besi, kwa upande wake, husambaa kila upande na hukaa chini, na anayesimama mbele ya sabufa anapewa besi peke yake, nayo huzifunika sauti ndogo zote. Kwa mtu ambaye masikio yake yanapoteza sauti nyembamba, pale ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nyuma kabisa napo hapafai, hasa ndani ya ngome, kwa sababu kuta zile za mawe, ambazo Waarabu wa Oman walizijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, huirudisha sauti ikagongana na inayokuja. "Kaa anapokaa fundi mitambo," aliniambia. "Yeye anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo pazuri kuliko hapo hapapo." Nilijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja kati ya wale washauri wangu wote aliyewahi kuniambia jambo jepesi kama hilo.

Ratiba ilionyesha kwamba Jumapili jioni kungekuwa na kundi jingine la taarabu asilia, tena mwanzoni kabisa. Kwa hiyo Jumamosi mama nilimwacha apumzike, nami mchana nikaenda peke yangu kusubiri karibu na lango la ngome wakati mafundi wakijaribu vyombo. Nilisubiri kwa zaidi ya saa nzima. Hatimaye fundi mwenyewe alitoka kutafuta kahawa kwa muuzaji aliyekuwa na birika lake pale nje, nikamwahi, nikamlipia vikombe viwili, na nikamweleza habari za mama yangu kama nilivyozieleza hapa, pamoja na lile neno la kupapasa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa utulivu wa watu wa Unguja, "Mlete bi mkubwa. Akae ubavuni mwangu, asikanyage waya tu." Habari ya kiti akasema niiache kwake.

Jumapili tulifika jua likiwa bado kali. Mlinzi yuleyule alimwamkia mama shikamoo, akakichukua kile kiti cha kukunja na kukibeba yeye mwenyewe hadi ndani. Meza ya fundi ilikuwa katikati ya uwanja juu ya kichanja cha mbao, nami nilimweka mama upande wake wa kulia kama unavyotazama jukwaa, nikakigeuza kiti kidogo ili sikio la kushoto lielekee mbele. Kwa kuwa kundi lilipangwa mapema, watu walikuwa bado wachache, na hakuna aliyemziba. Wengi huzidharau saa hizo za mwanzo wakisubiri majina makubwa ya usiku, na kwa msikilizaji wa taarabu wanapoteza sehemu iliyo bora.

Walianza kwa bashrafu, yaani kipande cha vyombo vitupu kabla ya mwimbaji kusimama. Fidla zilitangulia zote kwa pamoja, akodiani ikazipokea, kisha zikanyamaza moja baada ya nyingine na kuiachia kanuni nafasi. Sikuwa nautazama mkono wa mpigaji. Nilikuwa nautazama uso wa mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mdomo umefunguka, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilianza kugonga goti, taratibu kwanza, kisha kikaifuata kanuni hatua kwa hatua, hata pale ilipokimbia. Hakuna mtu anayeweza kuifuata hivyo bila kuisikia. Aliniambia neno moja tu katika kipande kile chote: "Maji." Mimi nilishindwa kumjibu.

Nyimbo zilizofuata zilikuwa nne au tano. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini isiyo na papara, na kila beti ilipokwisha vyombo vilimjibu kwa ukamilifu, bila kuharakisha, kama inavyotakiwa. Nimewahi kuhudhuria maonyesho mengi ya taarabu ya kisasa, ambayo kinanda kimoja hufanya kazi ya watu kumi, na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, mtu aliyewasikia wapiga fidla wengi wakivuta pumzi moja atatambua ni kwa nini vikundi vya Unguja vya Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vimeshikilia mtindo huo hadi leo.

Kilichomsumbua mama ni kukosa njia ya kutuza. Tangu asubuhi alikuwa amefunga noti ya shilingi elfu tano kwenye pindo la khanga, maana kwao taarabu bila kutuza ni sawa na kula karamu na kuondoka bila kuaga, lakini jukwaa lilikuwa juu na kizuizi kilikuwa mbele yake. Nilimshauri tusubiri kando ya njia wanayopita wasanii, na baada ya muda mpiga kanuni alitokea akiwa amekumbatia chombo chake ndani ya mkoba. Ni kijana, pengine hajafikisha miaka 30. Alimwamkia mama, akaipokea tuzo kwa mikono miwili, na alipoelezwa kwamba mama ameisubiri kanuni tangu utotoni alikaa chini palepale kwenye mawe, akaitoa mkobani na kuilaza mapajani. Alimwonyesha nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya 70 na zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, vile vibao vidogo vya chuma vya upande wa kushoto vinavyopandisha na kushusha sauti kwa kiasi kidogo, na pete mbili anazovaa kwenye vidole vya shahada ili kushikilia vijiti vya kupigia. Kisha akamwomba alete sikio lake zima karibu, na akakwaruza nyuzi tatu tu. Mama alifumba macho.

Nimeulizwa gharama. Nauli za boti za watu wawili kwenda na kurudi, chumba kwa siku tatu, chakula na kiingilio havikuzidi laki tano kwa kukadiria, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho chako na cha mzee wako. Chukua shali, kwa sababu baada ya saa mbili usiku upepo wa baharini huingia ngomeni. Pamba masikioni usimtie mzee ambaye tayari anapungukiwa na sauti nyembamba, kwa kuwa hizo ndizo pamba itakazozizuia kwanza. Ukiona kelele zimemzidi, msogeze mbali na sabufa. Na kama humfahamu fundi mitambo, mwendee mapema na umweleze ukweli. Mimi nilikuwa mgeni kwake kabisa.

Jumatatu tulirudi kwa boti ya mchana. Nilidhani mama amelala, maana kwa muda mrefu alikuwa kimya akitazama maji. Tulipokuwa tunaanza kuyaona majengo ya Dar es Salaam, alinigeukia na kusema, "Yule kijana wa kanuni alikosea mara moja, kwenye wimbo wa pili, pale mwimbaji alipoingia beti ya mwisho. Alikwaruza kabla ya wakati wake. Lakini alirudi vizuri, na sikutaka kumwambia mbele za watu."

Mimi sikuwa nimelisikia kosa hilo.