Vidonge Nilivyoviacha
Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimeza vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayopatikana kwenye karoti na mboga za majani, nikiamini kwamba antioksidanti, kwa kuwa huzituliza radikali huru, yaani molekuli zisizo thabiti zinazoharibu seli, haziwezi kumdhuru mtu yeyote. Daktari alipogundua kwamba ninavuta sigara, alinitaka niviache mara moja, akinieleza kuwa utafiti uliofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 1994, ukihusisha wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, ulionyesha kuwa saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliopewa vidonge hivyo. Nilishangaa na, kusema kweli, niliona haya kidogo. Karoti na mboga za majani hakunikataza. Tulichobishania kwa muda mrefu zaidi ni sigara zenyewe.